Aliyeiseti Hakujui: Maswali Yenu ya Simu na Kompyuta

Mbukwenyi wasomaji. Maswali ya mwezi huu nimeyasoma yote nikiwa kwa muuza chipsi wangu karibu na Nyerere Square hapa Dodoma, na kuna kitu kimenishangaza. Watu wanauliza mambo tofauti kabisa, huyu bando, yule alamu, mwingine printa, lakini ukichimba kidogo unakuta tatizo ni lile lile, kuna kitu kilikuja kimesetiwa hivyo toka mwanzo na mwenye simu hakuulizwa. Mafundi wa Majengo wanaita setingi za kiwandani. Ukiweka simu yako Kiswahili utakuta wameandika "chaguo-msingi", neno zuri tu, ila mi sijawahi kumsikia mtu akilitumia pale Sabasaba. Na kingine, karibu nusu yenu mnaanza barua na "samahani mimi mshamba wa hivi vitu". Hiyo muiache, mtaona kwa nini.

Kaka habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti huku Kibaigwa, tuko 43. Tuliambiwa tupeleke orodha ya wanachama, jina, namba ya simu na namba ya NIDA, iwe ya kompyuta sio ya mkono. Nikakaa siku mbili na laptopu ya mwanangu nikaandika yote nikasevu. Kufika ofisini afisa anafungua faili ananiangalia hivi, namba za simu hazina sifuri mbele, na za NIDA zote zinaishia na sifuri tano. Akaniuliza, mama hizi namba umezitunga? Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikosea wapi? – Katibu, Kibaigwa

Dada pole sana, na hukukosea popote, yani hapa nakutetea mpaka mwisho. Hiyo programu uliyotumia bila shaka ni Excel, na Excel ilivyosetiwa ukiiandikia tarakimu yenyewe inajua ni hesabu, ni kilo au ni shilingi. Sasa kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani, 0754 na 754 ni kitu kimoja, kwa hiyo inaitupa. Hilo la simu. La NIDA ni baya zaidi, maana Excel inashika tarakimu 15 tu za namba yoyote, zinazobaki inazigeuza sifuri, na namba ya NIDA ina tarakimu 20. Toa 15 kwenye 20 utaona zile sifuri tano zako zimetoka wapi. Nina uhakika ulipomaliza kuandika ya kwanza uliona kitu kama 1.98E+19 ukadhani kisanduku ni chembamba ukakivuta kikae vizuri, wakati huo namba ilishaharibika.

Kinachoniudhi mimi sio kwamba haiwezi kushika tarakimu 20, kila chombo kina kipimo chake, hata debe lina kipimo. Kinachoniudhi ni kwamba inafanya kimya kimya. Karani wa sokoni akiona gunia halitoshi kwenye mizani atakuita, mama njoo uone. Hii haiiti mtu. Inakata namba ya watu 43 halafu inakuachia wewe aibu ya ofisini.

Na usidhani ni wewe tu wa Kibaigwa. Wanasayansi wa jeni (chembe za urithi), watu wenye shahada tatu tatu, walihangaika na hii kitu miaka. Kuna jeni ilikuwa inaitwa MARCH1 na nyingine SEPT1, ukiziandika kwenye Excel inajua ni tarehe, mwezi Machi, mwezi Septemba, inazigeuza. Mwaka 2020 kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ikaamua basi, majina ndo yabadilike, sasa hivi ni MARCHF1 na SEPTIN1. Yani ilikuwa rahisi kubadilisha jina la kitu kilichomo ndani ya mwili wa binadamu kuliko kuibadilisha setingi ya kompyuta. Ilipofika 2023 Microsoft wakaweka swichi ya kuizima hiyo tabia kwenye matoleo mapya, lakini kuizima ni juu yako uende ukaitafute.

Sasa cha kufanya. Kabla hujaandika chochote, bofya herufi iliyo juu ya safu yako, safu nzima ijae rangi, halafu panda juu palipoandikwa General, fungua, chagua Text. Umeiambia haya ni maandishi usiyahesabu. Ndo uanze kuandika. Ukisahau, anza kila namba na kile kialama cha juu kama cha kwenye ng'ombe, ', kisha namba, kialama hakitaonekana kwenye karatasi. Fanya hivyo hivyo ukiandika namba za viwanja, maana ukiandika 7/12 itakupa tarehe.

Habari mbaya nakuambia wazi, zile tano za mwisho za NIDA hazirudi, hazipo tena kwenye faili, itabidi uzunguke na vitambulisho upya. Za simu usihangaike, ongeza sifuri tu mbele. Na yule afisa mpelekee ukurasa huu.

Jamani bando linanimaliza. Naweka GB 1 asubuhi natoka nalo Ipagala, kufika kazini Mtumba meseji imeshaingia nimetumia asilimia 75. Sijaangalia video hata moja, nilikuwa nimesimama kwenye daladala nimeshika bomba! Wananiibia hawa? – Mama Wawili

Mama Wawili, kabla hatujamuita mtu mwizi niambie, uko kwenye makundi mangapi ya WhatsApp? La familia, la ukoo, la kwaya, la wazazi wa darasa la tatu, la kitchen pati ya mtu aliyeshaolewa toka mwaka juzi. WhatsApp inavyokuja, picha zinajishusha zenyewe hata ukiwa kwenye bando, na ukiingia kwenye Wi-Fi inashusha kila kitu, video na mafaili. Kwa hiyo ule ua jekundu la "asubuhi njema yenye baraka" ambalo watu 12 wamelituma kwenye makundi saba, umelilipia lote, na limekaa kwenye picha zako pamoja na picha za wanao. Nenda Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, palipo na mambo ya kushusha wakati unatumia data ya simu ondoa tiki zote. Picha zitakuja na ukungu, unayoitaka unaigusa.

Ila nisikudanganye, picha peke yake kumaliza GB nzima njiani ni ngumu. Ingia mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya mtandao, kuna mahali inakuonyesha kila apu imekula kiasi gani. Mara nyingi mwizi anakutwa ni Facebook au TikTok, ambazo video zinacheza zenyewe ukigusa tu, au ni apu zinajisasisha, au picha zako zinajipandisha kuhifadhiwa huko mtandaoni bila wewe kujua. Humo humo kuna kiokoa data, washa, hakigharimu kitu. Ukishafanya yote hayo na bando bado linayeyuka, hapo sasa wapigie kampuni na mi nitakuunga mkono.

Halafu ukiwa humo humo WhatsApp, nenda kwenye faragha, angalia nani anaruhusiwa kukuingiza kwenye makundi. Imekuja imeandikwa kila mtu. Weka watu uliowasevu tu. Kitchen pati zitapungua.

Babu yetu ana miaka 78 yuko Kondoa, tulimnunulia simu janja. Anameza dawa ya presha saa mbili usiku kila siku. Akajifunza kuseti alamu mwenyewe, akaweka 2:00, tukamsifu kweli. Kumbe inamuamsha saa nane za usiku wa manane, anaamka anameza, anarudi kulala, wiki nzima. Sasa anasema simu ina pepo hataki kuishika. – Mjukuu, Kondoa

Mpe babu shikamoo yangu na umwambie yeye ndo yuko sahihi. Aliulizwa saa ngapi, akajibu saa mbili. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza na tunaanza upya likizama, simu inaanza kuhesabu usiku wa manane, tofauti ni saa sita kamili. Sisi tuliosoma tumezoea kutoa na kujumlisha sita kichwani bila hata kujua tunafanya hivyo, tunaona 8:00 midomo inasema saa mbili, lakini huo ni ujanja tumefundishwa shule, haupo kwenye simu. Na hata ukiweka simu Kiswahili, maneno yanabadilika, Jumatatu inakuja, "mipangilio" inakuja, tarakimu za saa zinabaki za wenyewe. Mi mwenyewe nina shangazi alikatiwa tiketi ya basi imeandikwa 06:00, akafika stendi saa sita mchana na kuku wake wawili.

Fanya hivi. Mwekee alamu ya 20:00 ijirudie kila siku, halafu kwenye sehemu ya jina la alamu andika DAWA SAA MBILI USIKU kwa herufi kubwa, ili ikilia asome jina asiangalie tarakimu. Ukiwa na simu mkononi kuza na maandishi, ipo kwenye mipangilio ya skrini, maana maandishi ya simu yanakuja yanamfaa mtu wa miaka 25. Ukipata nafasi mnunulie saa ya ukutani ya mishale pia, kuna za kutosha Soko la Job Ndugai. Na kuhusu ile wiki alikuwa anameza usiku wa manane, mtajieni muuguzi mkienda kliniki.

Nina stashenari Makole. Wateja wananiletea kazi kwenye flashi, naprinti, printa inagoma inawasha taa ya chungwa inadai karatasi na karatasi zipo! Nikilazimisha, mstari wa chini unakatwa. – Dada wa Stashenari

Printa haidai karatasi, inadai karatasi ya Kimarekani. Wamarekani wana saizi yao inaitwa Letter, milimita 216 kwa 279, sisi na karibu dunia nzima tunatumia A4, 210 kwa 297. Laptopu nyingi zinazoingia hapa zimesetiwa eneo Marekani na hakuna aliyezigusa, kwa hiyo mwanafunzi anaandika ripoti nzima kwenye karatasi ambayo Dodoma hii huipati dukani. Ukifungua kazi ya mteja nenda kwanza kwenye saizi ya karatasi weka A4, na umuonyeshe kurasa kabla hujaprinti kwa sababu mistari itahama. Kwenye kompyuta yako wewe, kwenye dirisha la mpangilio wa ukurasa wa Word kuna kitufe chini kushoto cha kuifanya iwe hivyo siku zote, ukishaibonyeza umemaliza. Badilisha na eneo la kompyuta liwe Tanzania, tarehe nazo zitakaa sawa, la sivyo 03/04 utaandikia barua ya mtu Machi wakati tuko Aprili.

Zile alama nyekundu chini ya maneno ya Kiswahili sio makosa, ni Word inakagua Kiswahili chako kwa kamusi ya Kiingereza. Wateja wasikusumbue nazo.

Nina gesti ndogo Nkuhungu nimeweka Wi-Fi, fundi aliniambia nisibadilishe chochote kwenye rauta "isije ikavurugika". Ni kweli? – Mwenye Gesti

Fundi wako anajilinda asiitwe usiku. Pasiwedi ya kuingia kwenye mipangilio ya rauta, sio ile ya wageni, ile ya ndani, kwenye rauta nyingi ni admin na admin, na mgeni wako yeyote anaweza kuijaribu akiwa kitandani. Mwaka 2016 kuna kirusi kiliitwa Mirai kilizunguka duniani kinajaribu tu hizo pasiwedi za kiwandani kwenye kamera na rauta, hakikuhitaji ujanja mwingine, kikakusanya vifaa mpaka kikaangusha mitandao mikubwa Marekani mwezi Oktoba. Uingereza toka Aprili 2024 sheria inakataza kuuza vifaa vya hivyo. Huku kwetu ibadilishe wewe, uiandike kwenye daftari la gesti, daftari lifungiwe.

Mi nawasoma kila mwezi na nasema mnawadekeza watu. Setingi zipo, si waende wakabadilishe? Mtu anajua kuweka filta kwenye picha, anashindwa nini kufungua mipangilio? Uvivu. – Msema Kweli, Area D

Msema Kweli, umejengewa nyumba, fundi akaweka swichi ya taa nyuma ya kabati. Swichi ipo, inafanya kazi vizuri tu. Kila mgeni akiingia gizani anajigonga we unamwambia uvivu, si upapase?

Nikupe na hesabu, labda ya hela utaielewa. Google walimlipa Apple dola bilioni 20 kwa mwaka 2022, bilioni, ili ukifungua kivinjari cha iPhone ukatafuta kitu, utafute kwa Google. Hesabu hiyo ilijulikana kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ile ambayo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google wamehodhi soko la kutafuta kinyume cha sheria. Kubadilisha hiyo setingi ni kugusa mara nne tano tu, mtoto anaweza. Sasa jiulize, kama watu wangekuwa wanabadilisha, nani angelipa hela hiyo? Wanaolipa wanajua kabisa ukiweka kitu mwanzoni kinabaki hapo hapo. We unaita uvivu, wenzako wamekiwekea bei.

Na mama Kibaigwa angejuaje kuna setingi ya kwenda kubadilisha, wakati hakuna kilichomwambia namba imekatwa? Hilo hujanijibu.

Habari kaka, mimi nasoma UDOM mwaka wa tatu, natengeneza apu ya VICOBA, michango, mikopo, faini, mgao. Nimeweka setingi nyingi ili kila kikundi kichague kinavyotaka, ziko kama 60. Rafiki yangu anasema nimezidisha. Wewe unaonaje? – Mwanafunzi

Mdogo wangu rafiki yako umnunulie soda. Ngoja nikupe kisa. Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Jared Spool, kazi yake ni kuangalia watu wanavyotumia programu, aliwahi kuomba watu wamtumie faili la setingi zao za Word aone wamebadilisha nini. Waliobadilisha hata kitu kimoja hawakufika asilimia 5. Sasa wakati huo ile kazi ya Word kujisevu yenyewe ilikuwa inakuja imezimwa, watu wanapoteza kazi umeme ukikatika, na wakiulizwa mbona hamkuiwasha wanasema, tulijua Microsoft wana sababu ya kuizima. Spool akawatafuta waliohusika huko ndani awaulize hiyo sababu. Sababu ilikuwa hivi, mtu aliyeandika lile faili aliambiwa aliandae, akajaza sifuri kila mahali, na sifuri maana yake zima. Basi. Mamilioni ya watu wanaheshimu uamuzi ambao hakuna aliyeuamua.

Kwa hiyo hizo 60 zako, jua kwamba vikundi karibu vyote vitatumia kile utakachoweka wewe usiku huu ukiwa na usingizi. Kaa nazo moja moja. Kiswahili kije kwanza, sio mpaka mtu akitafute. Shilingi bila senti, nani anachanga senti? Tarehe ianze na siku. Namba ya simu ni maandishi, sifuri ya mbele isiguswe, nimeshaeleza juu kilichompata mama wa watu. Kikao kiandikwe Jumapili saa nane mchana, sio 14:00. Ijisevu yenyewe, na ifanye kazi hata mtandao ukikata maana huko Mvumi mtandao unakata. Kitu kama riba usikiweke kimya kimya, hapo ndo pa kuuliza, kikundi kikianza tu iwaulize wakiwa wote wamekaa, kwa sababu hiyo wakija kuigundua baadaye watagombana na mweka hazina na sio na wewe. Kuona akiba ya mwenzio nako usiache wazi kwa kila mtu halafu ukasema wanaweza kufunga. Funga wewe, wao wakitaka wafungue. Toka 2023 tuna sheria ya taarifa binafsi inafanya kazi, kaisome.

Zikibaki setingi nane nitashangaa. Zile nyingine usizifute, zifiche ukurasa wa ndani kwa ajili ya katibu mmoja mtundu ambaye hakosekani.

Halafu kabla hujaipeleka popote, ukienda nyumbani likizo mpe mama yako simu, iwe ndo mara ya kwanza anaiona hiyo apu, mwambie andika mchango wa elfu tano wa mama fulani, we ukae pembeni mikono umeikalia, usimuelekeze, usimwambie "hapo hapo mama, hapo chini". Ni ngumu, utatamani kulia. Angalia tu kidole kinasita wapi, uandike, af uniandikie na mimi.